Kumlea malkia wa sisimizi seremala nyumbani

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza ya masika, taa ya baraza letu hapa Morogoro huzingirwa na kumbikumbi wengi kiasi kwamba mlango haufunguliki bila kundi lao kuingia sebuleni. Watoto wa majirani huja na mabeseni ya maji na kuyaweka chini ya mwanga, na kesho yake harufu ya kumbikumbi wa kukaangwa husikika nyumba hadi nyumba. Mimi huinama pamoja nao chini ya taa hiyo hiyo, lakini macho yangu humtafuta mdudu mwingine, ambaye kwa usiku mzima huenda akaonekana mmoja tu au asionekane kabisa: malkia wa sisimizi seremala, aliyekwisha kupandana na dume na sasa anatafuta ufa wa kujificha ili aanze ukoo wake.

Kwa mtu asiyezoea, kumbikumbi na malkia huyo ni kitu kimoja. Ukimsogeza kila mmoja karibu na mwanga, tofauti hujitokeza yenyewe. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, mwili ulioshuka moja kwa moja bila kiuno, na vipapasio vilivyonyooka mfano wa ushanga uliotungwa. Malkia wa sisimizi ana mabawa ya mbele yanayoyapita ya nyuma kwa urefu, vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, na kiuno chembamba kati ya kifua na tumbo. Hata kwa ukoo hawako karibu, maana mchwa, ambao ndio wazazi wa kumbikumbi, ni jamaa wa mende, ilhali sisimizi ni jamaa wa nyigu na nyuki.

Ninaowafuga ni wa jenasi ya Camponotus, jina lililotolewa mwaka 1861 na Gustav Mayr, mtaalamu wa wadudu kutoka Austria, na ambalo leo hukusanya spishi zaidi ya 1,000 duniani. Wa kwetu ni wa kundi la Camponotus maculatus, ambao Fabricius wa Denmark aliwaeleza tangu mwaka 1782. Neno maculatus kwa Kilatini maana yake ni mwenye madoa, na kweli ukimtazama mfanyakazi kwa kioo cha kukuzia utayaona madoa ya manjano pembeni mwa tumbo lake la kahawia, na miguu mirefu yenye rangi ya asali. Ni wadudu wa usiku. Mchana hujilaza chini ya mawe, udongoni, au katika mianya ya magogo makavu, na giza likiingia ndipo utawaona wakipanda ukutani mmoja mmoja kwa mwendo wa haraka.

Jina la useremala wamelirithi kwa ndugu zao wa nchi za baridi, kama Camponotus pennsylvanicus wa Amerika Kaskazini, wanaochonga vyumba na njia ndani ya magogo na mbao zilizolowa. Watu wengi hudhani wanakula mbao hizo. Hawazili, unga wa mbao huubeba kwa taya na kuutupa nje ya kiota, na mara nyingi ni kirundo hicho cha unga kinachomjulisha mwenye nyumba kwamba ana wageni. Wahenga waliposema bandu bandu huisha gogo, sidhani kama walikuwa na mdudu huyu akilini, lakini sijui methali inayomfaa zaidi. Wa kwetu Afrika Mashariki hawana bidii kubwa ya kuchonga, hupenda zaidi nafasi iliyokwisha kuwapo, na ndiyo sababu nimeweza kuwakaribisha ndani ya nyumba yenye paa la mbao bila kumnyima mtu yeyote usingizi.

Malkia wangu wa kwanza nilimpata katika masika ya mwaka 2023, na aliangamia kwa sababu nilimpenda kwa macho. Nilimweka katika chupa ndogo yenye udongo wenye unyevu, nikaiweka mezani nilipokuwa nikifanyia kazi, na kila jioni niliiinua ili nimwone. Alitaga mayai manne, na siku mbili baadaye sikuyaona. Akataga tena matatu, nayo yakatoweka. Baadaye nilifahamu kwamba malkia anayetikiswa na kumulikwa huyala mayai yake mwenyewe, kwa kuwa mwili wake hauna chakula kingine cha kutegemea na kila dalili humwambia kwamba mahali pale si salama. Alikufa kabla ya mwezi wa sita, bila kumwona mwanawe hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kinachotendeka ndani ya mwili wa mdudu huyu, na nadhani kila anayetaka kumfuga anapaswa kukielewa kabla hajatafuta chombo. Malkia wa Camponotus akishapandana hujing'oa mabawa, hujifungia mahali penye giza, na hatoki tena kutafuta chakula. Misuli mikubwa ya kifuani iliyokuwa ikiyaendesha mabawa huyeyuka polepole ndani yake, ikichanganyika na mafuta ya mwili, na kwa akiba hiyo peke yake huwalisha watoto wa kwanza kwa mdomo hadi wakue. Mbegu za dume alizozipokea usiku ule mmoja huzihifadhi katika kifuko tumboni na kuzitumia maisha yake yote, ambayo yanaweza kupita miaka 10. Yai analolirutubisha huwa jike. Asilolirutubisha huwa dume. Kwa hiyo kila unapotikisa chombo chake, unachezea akiba ambayo hana njia ya kuijaza upya.

Malkia wa mwaka 2024 nilimlea kwa namna nyingine. Nilimkuta barazani akitembea ukutani, mabawa matatu yamekwisha kudondoka na moja likining'inia ubavuni. Kwa rula alikuwa na urefu wa milimita 15. Nilikuwa nimeandaa neli ya majaribio ya kioo, ya aina inayotumika katika maabara za shule. Theluthi yake niliijaza maji safi, nikasukuma pamba kwa kijiti hadi ikagusa maji na kulowa bila kuvuja, nikatia punje chache za mchanga uliokaushwa juani, nikamwingiza malkia, na mdomo wa neli nikauziba kwa pamba kavu isiyobanwa sana ili hewa ipite. Neli hiyo niliiviringisha kitambaa cheusi na kuilaza ndani ya droo ya kabati ambayo haifunguliwi ovyo. Pamba ile ya ndani humpa maji ya kunywa na unyevu wa kutosha kwa mayai kwa miezi kadhaa, na hakuna chakula chochote kinachohitajika katika kipindi hicho. Mtu akimwekea asali kwa huruma, mara nyingi humwekea ukungu.

Nilijiwekea sharti la kumtazama mara moja kwa juma, Jumapili usiku, kwa tochi niliyoifunika nailoni nyekundu, kwa sababu sisimizi hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Sharti hilo lilinigharimu kuliko kazi nyingine yoyote niliyoifanya kwao. Katika daftari langu nimeandika kwamba Jumapili ya kwanza palikuwa na mayai saba, yamegandamana katika tonge moja ambalo malkia alilishika mdomoni nilipolimulika. Siku ya 19 niliona kwamba baadhi yao yamekuwa mabuu, meupe, yamepinda kama hereni. Siku ya 31 buu mkubwa kuliko wote alikuwa amejisokotea kifukofuko. Mchanga ulifanya kazi yake hapa, kwani buu wa jamii hii huhitaji kitu cha kushikizia nyuzi anapoanza kusokota.

Kifukofuko hicho kina rangi ya karatasi ya kaki, na katika ncha yake moja pana kitone cheusi. Kitone hicho ni uchafu wote ambao buu ameukusanya tumboni tangu aanguliwe. Hutolewa mara moja tu, anapojiandaa kugeuka. Siku ya 49 niliikuta ncha nyingine imepasuliwa. Malkia alikuwa ameishika kwa miguu ya mbele na alikuwa akiikata kwa taya kidogo kidogo, akivuta, akipumzika, akivuta tena, hadi kichwa cheupe chenye macho meusi kikachomoza. Mfanyakazi huyo wa kwanza alitoka akiwa laini, rangi ya maziwa yenye chai kidogo, miguu imekunjwa kifuani, na kwa muda mrefu hakuweza kusimama. Kesho yake alikuwa ameanza kuiva rangi. Alikuwa mdogo sana ukimlinganisha na wale wanaotembea ukutani usiku, maana watoto wa kwanza hupata chakula kichache na hubaki wadogo maisha yao yote, lakini ndio wanaomwokoa mama yao.

Wakishafika wafanyakazi wawili au watatu, ndipo mlezi anapoanza kulisha. Tone moja la maji ya sukari kwenye kipande cha karatasi ya foili, dogo kuliko punje ya mchele, linatosha. Mfanyakazi hunywa hadi tumbo lake litanuke na mistari ya ngozi ionekane, kisha hurudi ndani na kuwapa wenzake mdomo kwa mdomo kutoka katika tumbo la akiba ambalo ni la kundi zima kuliko lake mwenyewe. Mabuu huhitaji protini, na kwa hiyo mara mbili kwa juma mimi huwapa mguu wa panzi au kipande cha mende. Mende nawafuga mwenyewe katika ndoo yenye trei za mayai, kwa sababu mende wa jikoni hajulikani amepita kwenye dawa gani, na kabla ya kumtoa humchovya katika maji yaliyochemka ili asiingie na utitiri. Mabaki huyaondoa kesho yake asubuhi kwa kibano.

Katika suala hili la chakula pana jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Ndani ya chembe za utumbo wa Camponotus huishi bakteria anayeitwa Blochmannia, kwa heshima ya Friedrich Blochmann aliyemwona kwa hadubini mwishoni mwa karne ya 19. Bakteria huyo huunda asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo sisimizi hawezi kuziunda mwenyewe, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ndani ya yai. Malkia niliyemwokota ukutani alikuwa amebeba, pamoja na mbegu za dume mmoja, jeshi zima la wasaidizi aliopewa na mama yake.

Sasa naeleza kosa ambalo sitaki msomaji yeyote alirudie. Kufikia Desemba ya mwaka huo kundi lilikuwa na wafanyakazi wapatao 40, na neli ilikuwa imeunganishwa na boksi la plastiki walilolitumia kama uwanja wa kutafutia chakula. Joto lilipozidi nilitoboa kifuniko cha boksi ili hewa ipite, na tundu hilo nikaliziba kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nikiwa nimekipima vizuri na kukibandika kwa gundi, nikiridhika kwamba matundu yake ni madogo kuliko kichwa cha mfanyakazi. Sikukumbuka kwamba chandarua kile kilikuwa na dawa. Dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, zimetengenezwa zidumu kwenye nyuzi kwa miaka, na mguso mfupi tu unatosha kumlemaza mdudu.

Asubuhi niliwakuta 11 sakafuni mwa boksi. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Wengine walilala chali miguu ikitetemeka, vipapasio vikizunguka bila mpango. Kilichoniuma zaidi kilikuwa kuwaona wazima wakiwalamba wale wagonjwa mmoja baada ya mwingine, na baada ya saa chache baadhi ya waliolamba nao wakaanza kuyumba. Niling'oa kifuniko, nikatupa boksi zima, nikawahamishia katika jipya nililolisuuza kwa maji matupu. Jumla walikufa 17. Malkia hakuguswa kwa sababu hakuwahi kutoka ndani ya neli. Tangu siku ile tundu la hewa naliziba kwa wavu wa chuma wa kichujio cha chai, na katika chumba kile hakuna dawa ya mbu ya kuchoma wala ya kupuliza inayoingia. Nawaomba wote wanaofuga wadudu katika nchi zetu, ambako chandarua kimo katika kila chumba, walitilie maanani jambo hili kabla ya kufikiria joto, unyevu au chakula.

Tabia hiyo ya kulambana ina faida kubwa kuliko hasara, na wataalamu wanaendelea kuichunguza. Sisimizi wengi wana tezi kifuani inayotoa dawa ya kuua vijidudu, lakini Camponotus wengi hawana tezi hiyo. Hutegemea usafi wa pamoja na asidi ya fomiki wanayoitoa kwenye ncha ya tumbo, ambayo pia ndiyo silaha yao, kwani hawana mwiba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg nchini Ujerumani walionyesha kwamba Camponotus floridanus wa Marekani humtibu mwenzao aliyejeruhiwa mguu: jeraha likiwa kwenye paja, huung'ata mguu hadi uung'oke wote, kazi inayochukua zaidi ya dakika 40, na majeruhi hutulia bila kupinga, likiwa chini zaidi ya goti, hulilamba tu. Idadi kubwa ya waliokatwa mguu hupona. Niliposoma habari hiyo niliwatazama wangu kwa macho mengine.

Maadui wa kundi linalofugwa hapa kwetu hutoka nje kuliko ndani. Sisimizi wadogo wa jikoni wakigundua mabuu, wanaweza kulimaliza kundi kwa usiku mmoja. Dawa ya tatizo hilo niliijua tangu utotoni. Mama yangu aliweka miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande, na mimi nimeweka miguu ya meza yao katika makopo ya namna hiyo hiyo. Alipokuja kututembelea na kuyaona alisimama kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi makopo haya tuliyaweka kuwazuia wao, na wewe umeyaweka kuwalinda." Kwa ndani, kuwazuia wasitoroke, hupaka ukingo wa boksi poda ya talki niliyoikoroga na spiriti, ikikauka huacha utelezi wasioweza kuupanda. Mafuta ya mgando yanayosifiwa na wafugaji wa nchi za baridi hayafai Morogoro, maana ifikapo Januari huyeyuka na kuchuruzika hadi sakafuni.

Naandika haya pia kwa sababu ya yaliyotokea kwa jirani zetu. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha, nchini Kenya, wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya neli zilizotiwa pamba, mfano wa neli yangu. Mwezi Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, pamoja na Mvietnamu na Mkenya waliokuwa na kesi ya namna hiyo. Wengi wa malkia hao walikuwa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wekundu wavunao mbegu za nyasi, ambao wafugaji wa Ulaya na Asia huwanunua kwa bei kubwa. Baadhi ya watu walicheka kwamba mtu anafungwa kwa sababu ya sisimizi. Mimi sikucheka. Kila malkia aliyemo ndani ya neli ni kiota kimoja kisichojengwa, udongo usiotobolewa, mbegu zisizosambazwa, na huko anakopelekwa akitoroka anaweza kuwa balaa kwa wadudu wa nchi ile.

Kwa hiyo ninayemfuga ni mmoja, wa ua wangu, na simuuzi wala simsafirishi. Sijawahi kuchimba kiota, kwa kuwa kiota kilichochimbwa mara nyingi hufa chote, wakati kati ya malkia wanaoruka usiku wa mvua ni wachache mno wanaofika asubuhi bila kuliwa na mijusi, vyura na kuku. Anayetaka kuanza aulize kwanza sheria ya wanyamapori ya nchi yake inasemaje, kisha asubiri mvua barazani kwake.

Mwezi Oktoba uliopita neli ilikuwa imewabana. Niliwaandalia kiota kipya cha jipsamu, nilichokimimina katika boksi bapa na kukichimba vyumba vinne kwa kijiko kabla hakijakauka kabisa, nikakifunika kioo na juu yake nailoni nyekundu, kisha nikakiunganisha na uwanja wao kwa mrija. Sikuwasukuma kwa taa wala kwa joto, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Kila usiku wapelelezi wawili watatu waliingia, wakavipapasa vyumba, wakarudi. Siku 11 zilipita hivyo.

Usiku wa 12 nilisikia kwa binti yangu. "Mama, wanabebana." Nilikwenda na tochi nyekundu. Ndani ya mrija mfanyakazi mmoja alikuwa amemshika mwenzake kwa taya, na aliyebebwa alikuwa amejikunja miguu na vipapasio kama bunda, ametulia kabisa, akisafirishwa kama mzigo. Nyuma yao walifuatana wengine na vifukofuko, na wengine na matonge ya mayai. Mfanyakazi mwenye kichwa kikubwa, wa kwanza wa aina yake kuzaliwa katika kundi hili, alisimama kwenye mdomo wa mrija na kumpapasa kila aliyepita. Ilipokaribia saa nane usiku malkia alitoka kwa miguu yake mwenyewe, tumbo likiburuta, wafanyakazi wamemzunguka pande zote, akasimama kidogo katikati ya mrija, kisha akapita.

Asubuhi niliifungua neli ya zamani ili niioshe. Pamba ilikuwa imegeuka rangi ya chai, mchanga umesogezwa wote upande mmoja, na katika kirundo chao cha takataka, kati ya maganda ya vifukofuko na miguu ya panzi, lilikuwamo bawa moja, limekunjika ncha lakini bado linang'aa.